Mimea ya msituni ikaangukia steji ya Kakamega: kisa cha kuweka koodineti kwenye sampuli za zamani

Usuli

Hiki ni kisa cha taasisi moja hapa magharibi mwa Kenya. Jina lake nimelitoa, majina ya watu pia, na lebo nimezigeuza kidogo pale ambapo mtu angeweza kutambua ni nani alikusanya nini. Mimi niliitwa kusaidia raundi ya pili ya kazi, kwa hivyo mengine niliyaona na mengine nilisimuliwa na waliokuwepo.

Taasisi ilikuwa na kabati za chuma zimejaa mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, pamoja na masanduku ya vipepeo na mbawakawa waliodungwa pini, vingi vimekusanywa kuanzia miaka ya mwisho ya ukoloni mpaka miaka ya 80. Kila sampuli iko na lebo, na lebo inasema jina la mmea au mdudu, aliyekusanya, namba yake, tarehe, halafu mahali. Hapo kwa mahali ndio kuna kazi, kwa sababu wakati huo hakuna mtu alikuwa anatembea na GPS mfukoni, aliandika tu vile aliona inatosha kwa mwenye kusoma wa zamani zake: Kaimosi, mto Yala, Kakamega futi 5,200, ama N. Kavirondo (Kavirondo ya Kaskazini, jina la zamani la eneo la utawala la hapa) basi. Mwenye kuandika alijua anasema nini. Sisi tunaosoma leo wilaya zimebadilika majina, msitu umekatwa pembeni, na barabara haipiti pale ilipopita.

Wafadhili wakatoa pesa sampuli hizi ziingizwe kwenye kompyuta na kupandishwa GBIF, ule mfumo wa dunia nzima wenye makao Copenhagen ambao mtafiti yeyote anaweza kuchukua data bure. Sharti moja lilikuwa rekodi nyingi iwezekanavyo ziwe na koodineti, yaani latitudo na longitudo, na hilo neno nyingi lilikuja kuleta shida kubwa kuliko lilivyoonekana kwenye karatasi.

Raundi ya kwanza

Kazi ilipewa vijana wa atachimenti. Walikuwa wachapakazi, hilo niseme wazi, walichapa lebo kwa umakini na walikuwa wanasoma miandiko ya mkono ambayo hata mimi ningeshindwa nayo. Lakini kwa koodineti maelekezo waliyopewa yalikuwa mstari mmoja tu, tafuteni mahali kwenye ramani ya Google mkopi namba. Basi wakafanya hivyo. Lebo ikisema Kakamega, wanachapa Kakamega, pini inaangukia katikati ya mji, wanakopi zile namba zote na desimali zake na kwenda kwa inayofuata. Kolamu ikajaa chapchap na ripoti kwa wafadhili ikaonekana safi sana.

Shida ziliingia kwa njia kama nne hivi na inafaa kuzitenganisha, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni pini ya mji. Sampuli nyingi za msituni zote zikawa juu ya nukta moja karibu na steji ya Kakamega, vipepeo wa kivuli cha msitu, okidi, miti mikubwa, kila kitu. Na namba zilikuwa na desimali nane. Desimali ya nane hapa kwa ikweta ni kama milimita moja, yaani rekodi ilikuwa inadai tunajua mahali pa kipepeo kwa milimita wakati lebo yenyewe haijasema zaidi ya jina la mji.

Ya pili ni majina pacha. Luanda yetu ya Vihiga ukiichapa bila kuangalia unapelekwa Angola, hiyo angalau inaonekana haraka. Mbale iko Vihiga na iko Uganda. Sang'alo iko Bungoma na iko Nandi. Malava na Malaba zinatofautiana herufi moja, na kwenye mwandiko wa wino uliofifia v na b ni ndugu, ila Malava ni kipande cha msitu kaskazini mwa Kakamega na Malaba ni mpakani, zaidi ya kilomita 60 kati yao. Yala ndio mbaya kuliko zote maana Yala ni mji, ni mto unaotoka upande wa Nandi ukapita kusini mwa msitu wa Kakamega, na ni kinamasi huko chini mto unakoishia ziwani. Lebo ikisema Yala peke yake umepewa sehemu tatu ambazo hazifanani hata kidogo kwa mwinuko wala kwa mimea.

Ya tatu ni ikweta, na hii nataka kuikalia kidogo kwa sababu ni shida ya kwetu haswa. Miongozo mingi imeandikwa na watu walio mbali na ikweta, wanakuambia ukisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo utajua tu kwa sababu nukta itaangukia baharini ama bara lingine. Kwetu haiangukii baharini. Kisumu iko chini ya ikweta kidogo tu, kama nyuzi 0.09 kusini. Ondoa ile alama ya kutoa nukta inaruka kama kilomita 20 kaskazini inaingia Vihiga, nchi kavu, Kenya, kuna mashamba na shule, hakuna kitu kinapiga kelele. Hapa faili ilikuwa na kolamu moja ya namba na kolamu nyingine ya herufi N au S, na ilipohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine ile kolamu ya herufi ikabaki nyuma. Mafunjo yaliyokatwa Dunga pale Kisumu, yale Wajaluo wanaita togo, yanayoota miguu ikiwa majini kwenye ukingo wa ziwa, yakawa yameota juu huko upande wa Chavakali, kilomita 32 hivi kutoka mahali pake na mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 wakati ziwa liko kama mita 1,134.

Ya nne ni zile sampuli za baadaye, za miaka ya 70 na 80, ambazo mkusanyaji alikuwa na ramani za serikali za 1:50,000 na akaandika namba za gridi kwenye lebo. Ungedhani hizi ndio rahisi. Lakini ramani hizo zimejengwa juu ya datamu (yaani kipimo cha umbo la dunia ambacho koodineti zinahesabiwa kutoka kwacho) ya Arc 1960, na simu na GPS zetu zinatumia WGS84, na ukichukua namba ya Arc ukaisoma kama ya WGS84 nukta inahama kama mita 300, hapa kwetu inapanda zaidi kuelekea kaskazini. Mita 300 kwa mtu anayechora ramani ya Afrika ni bure, kwa mmea uliotolewa kando ya kijito ni kuutoa kwenye maji na kuuweka shambani kwa mtu. Halafu kuna kanda za UTM, ule mfumo wa gridi unaogawa dunia kwa vipande vya nyuzi sita sita za longitudo. Mpaka wa kanda ya 36 na 37 ni longitudo 36, na huo mstari unapita kati ya Njoro na mji wa Nakuru. Njoro iko kanda ya 36, Nakuru mjini iko kanda ya 37. Sampuli chache za Njoro zilisomwa na kanda ya Nakuru zikatupwa ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Hizo nazo zilionekana mara moja kwa sababu zilikuwa mbali, na mtu akazifuta akaweka pini ya mji wa Njoro badala ya kurudi kwa namba ya gridi iliyokuwa pale pale kwenye lebo.

Juu ya hayo yote kuna futi. Lebo za zamani zinaandika mwinuko kwa futi, fomu ilikuwa na kolamu ya mita, na namba ikahamishwa vile ilivyo. Ikawa tuna mimea ya Kakamega iliyokusanywa mita 5,200 juu ya bahari. Batian, kilele cha Mlima Kenya, ni mita 5,199.

Ilivyojulikana

Haikujulikana ndani ya taasisi. Mwanafunzi wa shahada ya pili kutoka chuo kingine alikuwa anafanya utafiti wa mukombero, ule mzizi watu wanatafuna na unauzwa barabarani kuanzia Kakamega mpaka Kisumu, kisayansi ni Mondia whitei, na msituni umechimbwa sana mpaka kuupata ni kutembea. Alitaka kujua ulikuwa unaota wapi zamani ili aende pale pale aone kama bado uko. Akachukua rekodi, akaweka kwenye ramani, akaweka na data ya mvua na mwinuko. Kompyuta ikamwambia mukombero unapenda miji.

Angeweza kuamini, na hapo ndipo naona hatari yenyewe. Mukombero kweli uko mjini, unauzwa pale steji, mtu anaweza kusema labda mkusanyaji alinunua sokoni. Kosa ambalo linafanana na ukweli linaishi miaka mingi. Yeye alichofanya ni kupiga simu taasisi akamuuliza mwangalizi wa kabati, mama ambaye kila mtu anamwita Madam, kama anaweza kutumiwa picha ya lebo. Lebo ilisema msituni. Madam akafungua kabati mwenyewe akaanza kulinganisha karatasi na kompyuta moja baada ya nyingine, na kabla jioni haijafika alikuwa ameamua rekodi zote zisimamishwe.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa maneno ya lebo yasiguswe. Yachapwe vile yalivyo, na makosa yake ya tahajia, na maili zake, na futi zake, kwenye kolamu yake peke yake, na tafsiri yetu yote iende kolamu zingine. Darwin Core, ule mpangilio wa kolamu ambao GBIF wanatumia na uliopitishwa rasmi 2009, tayari una nafasi ya kila kitu: maneno asilia, latitudo na longitudo za desimali, datamu, umbali wa shaka kwa mita, nani aliweka koodineti, lini, kwa njia gani, na maelezo. Raundi ya kwanza ilitumia kolamu mbili tu kati ya hizo. Sababu ya uamuzi huu ni rahisi, sisi tunaweza kukosea tena, na atakayekuja baada yetu lazima aweze kurudi mpaka kwa maneno ya mtu aliyesimama pale.

Uamuzi wa pili, ambao ndio mkubwa, kila nukta iwe na duara. Hii njia ilielezwa vizuri mwaka wa 2004 na Wieczorek, Guo na Hijmans: unaweka nukta katikati halafu unasema ni mita ngapi kutoka hapo ambazo ndani yake mahali penyewe lazima pawe. Lebo ikisema Kakamega tu, katikati ni mji na duara linafunika mji wote na viunga ambavyo mtu wa wakati huo angeviita Kakamega. Duara likiwa kubwa si aibu. Kulikuwa na ubishi hapa, kijana mmoja alisema tukiweka duara la kilomita 10 data itaonekana mbaya, na Madam akamjibu, itaonekana vile iko. Mimi nilikuwa upande wa Madam na bado niko. Mtafiti anayesoma duara la kilomita 10 anajua rekodi hii haimsaidii kwa kijito, labda inamsaidia kwa kaunti, anachagua mwenyewe. Ukimpa nukta kali isiyo na duara umemnyima huo uchaguzi na hajui kama amenyimwa.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kazi yenyewe, kwamba tusiende sampuli moja moja. Tukapanga lebo zote kwa mahali, Isecheno zote pamoja, Kaimosi zote pamoja, Maseno zote pamoja, mahali pakitatuliwa mara moja jibu linaenda kwa sampuli zote za pale. Hii iliokoa muda mwingi sana na pia ikafanya majibu yafanane, kwa sababu kabla ya hapo watu wawili walikuwa wameweka Kaimosi mahali pawili tofauti.

Wa nne, namba za mkusanyaji zisomwe kwa mfuatano. Mkusanyaji mzuri anapeana namba kwa mpangilio, kwa hivyo ukijua namba iliyotangulia ilitolewa wapi na iliyofuata ilitolewa wapi siku hiyo hiyo ama kesho yake, una safari yake mkononi. Ile Mbale ilitatuliwa hivi: lebo ilisema Mbale futi 5,100, namba ya jana yake ilikuwa Kaimosi na ya kesho yake Maseno. Mtu hawezi kuwa Kaimosi jana, Mbale ya Uganda leo na Maseno kesho kwa barabara za wakati ule, na mji wa Mbale wa Uganda uko chini ya mwinuko huo. Mwinuko peke yake haungetosha kwa sababu vilima vya nyuma ya mji ule vinapanda kuelekea Elgon, lakini mwinuko na safari pamoja vilitosha.

Wa tano ulihusu siri. Sampuli za mukombero na okidi kadhaa zilikuwa na mahali pazuri kabisa, kijito na njia. Ukipandisha hiyo kwa intaneti umempa mchimbaji ramani. Kwa hizo tukaamua koodineti za umma ziviringishwe mpaka desimali moja, ambayo ni kama kilomita 11, na kolamu ya maelezo iseme wazi zimeviringishwa makusudi na mtafiti anaweza kuomba za kweli. Mwanafunzi wa mukombero aliomba akapewa. Prunus africana nayo, mwiritsa, ambayo gome lake linatafutwa kwa dawa na iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995, tulibishana sana na mwisho ikaachwa wazi kwa sababu miti yake mikubwa msituni inajulikana na kila mtu anayeishi pale.

Lebo moja kwa karibu

Nitachukua moja ili muone vile hesabu inaenda. Lebo ilisema: maili 8 kusini mashariki mwa Kakamega, msituni, kando ya kijito, futi 5,200.

Maili 8 ni kama kilomita 12.9. Tukaanzia katikati ya mji wa zamani, tukashuka kilomita 9 kusini na 9 mashariki, tukapata nukta. Sasa shaka. Mtu anayesema kusini mashariki anaweza kuwa anamaanisha popote katika kipande cha nyuzi 22 na nusu kila upande, kwa umbali huo hiyo peke yake ni kilomita 5 hivi. Mtu anayesema maili 8 pengine ni saba na nusu ama tisa, weka maili moja ya shaka. Mji nao si nukta, weka kilomita moja na nusu. Ukiunganisha vizuri, hujumlishi tu, unapata kama kilomita 6 na nusu. Duara la hivyo lina ukubwa wa zaidi ya nusu ya msitu wote wa Kakamega, ambao ni kama kilomita za mraba 240, na lilikuwa linakula mashamba pia.

Futi 5,200 ni mita 1,585. Tukalinganisha na data ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ndani ya duara, haikutoa sehemu nyingi maana msitu ule hauna mabonde ya kutisha, karibu kila mahali ni kati ya mita 1,500 na 1,700. Kwa hivyo mwinuko ulisema tu hatujapotea.

Kilichosaidia ni namba. Sampuli iliyotangulia na iliyofuata, siku hiyo hiyo, zote zilisema Kituo cha Msitu Kakamega. Na kituo cha msitu ni Isecheno, ambayo ukipima kwa hewa kutoka mjini ni kama kilomita 14, imeegemea mashariki zaidi kuliko kusini mashariki lakini bado iko ndani ya duara letu, kama kilomita 5 kutoka katikati yake. Mtu mmoja akasema basi tuweke Isecheno mita 500. Tukakataa, kwa sababu lebo haikusema kituoni, ilisema kijito msituni, na mtu anaweza kutoka kituoni asubuhi akatembea mbali na kurudi mchana. Tukahamisha katikati ikawa Isecheno, duara likawa kilomita 3, na kwenye maelezo tukaandika sababu yote, ile hesabu ya kwanza, zile namba mbili za jirani, na kwamba kilomita 3 ni makadirio ya kutembea kwa miguu. Asiyekubaliana anaweza kurudi kwa maili 8 akapiga hesabu yake.

Matokeo

Rekodi zenye koodineti zilipungua. Kwenye ripoti ya raundi ya kwanza karibu zote zilikuwa nazo, kwenye ya pili kuna kundi kubwa halina, na kati ya zilizo nazo nyingi zina duara la kilomita kadhaa. Wafadhili walilalamika. Madam aliwaandikia barua akiwa ameambatanisha ramani mbili, ya kwanza ina lundo pale steji na mafunjo yake ya Chavakali, ya pili ina maduara, na nadhani ile ramani ilisema zaidi ya barua. Walikubali.

Lebo za N. Kavirondo peke yake ziliachwa bila nukta. Eneo hilo lilikuwa linashika takriban Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia za leo, kutoka karibu na ziwa mpaka Elgon, na kuweka nukta katikati ya hapo ni kuchagua kijiji cha mtu kwa kubahatisha.

Sampuli za Kisumu zilirudi chini ya ikweta. Mwanafunzi wa mukombero alitupa rekodi zote zenye duara la zaidi ya kilomita 5, akabaki na chache, na hizo chache zikampeleka msituni, ambako katika safari zake mbili alikuta mmea bado uko.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Duara lilifanya kazi. Kupanga kwa mahali kulifanya kazi. Jaribio la kaunti, yaani kuuliza kompyuta nukta imeangukia kaunti gani na lebo inasema wapi, lilikamata karibu makosa yote ya ikweta kwa mara moja, na mimi naona kila mtu anayefanya kazi hii kati ya Nakuru na Busia alianze siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na aliongeze jaribio la mwinuko, maana nukta inaweza kuwa kaunti sahihi na bado iko juu ya kilima wakati mmea ni wa majini.

Kuuliza wenyeji kulifanya kazi lakini tulichelewa. Kulikuwa na lebo kadhaa zinazotaja kambi ya kupasua mbao, na ramani zetu zilikuwa na kambi moja, tukaiweka hapo. Baadaye sana ndio mtu akamleta mzee mmoja wa Shinyalu aliyekuwa askari wa msitu kabla ya kustaafu. Madam akamwonyesha ramani, akamuuliza, "Mzee, kambi ilikuwa hapa?" Mzee akaangalia akatikisa kichwa, "Hapana mwanangu, hapo walihamia baadaye. Ya kwanza ilikuwa ng'ambo ya mto, walipomaliza miti mikubwa upande ule ndio wakavuka." Kwa hivyo tarehe ya lebo ikawa muhimu, lebo za kabla ya kuhama zikaenda ng'ambo. Mzee huyo alikuwa anaishi karibu wakati wote huo. Wazee kama yeye wanapungua kila mwaka na hakuna ramani inayosema alichosema, na kama kuna kitu kimoja ningetaka kigeuzwe kwenye mpango mzima ni hiki, waulizwe mwanzo, walipwe muda wao vizuri, na jina la aliyesema liandikwe kwenye maelezo kwa ruhusa yake.

Picha za lebo zilishindikana nusu. Zilipigwa mbele tu. Kwa sampuli za wadudu lebo zimepangana kwenye pini moja, ya juu inaficha ya chini, na kwa mimea wengine waliandika kwa penseli nyuma ya karatasi. Ilibidi masanduku yafunguliwe tena, na kila kufungua sanduku la vipepeo wa miaka hiyo kuna miguu na vipapasio vinavunjika.

Lile sharti la wingi lilikuwa chanzo cha mengi. Ukimwambia kijana wa atachi atapimwa kwa kolamu iliyojaa, ataijaza, na hana kosa. Kama mfadhili anataka namba basi apime rekodi zenye nukta, duara na maelezo kwa pamoja, na rekodi iliyoachwa wazi kwa sababu iliyoandikwa ihesabiwe kuwa kazi iliyofanyika, maana imefanyika.

Kinachonisumbua mpaka saa hii ni nakala. Wakati rekodi za kwanza ziko hewani watu walizichukua, na ukisahihisha kwako faili iliyo kwenye laptopu ya mtu mwingine haijisahihishi. Taasisi sasa inaandika tarehe ya kuweka koodineti kwenye kila mstari, na kwenye maelezo ya mkusanyiko kuna aya inayosema rekodi yoyote isiyo na umbali wa shaka ni ya raundi ya kwanza na isitumike. Madam pia ameanza kutafuta kwenye machapisho wale waliotaja data ya taasisi, anawaandikia mmoja mmoja. Wengine wamejibu, wengine bado.